Mwaka Niliowauliza Watoto Walikula Nini

Jana nimerudisha kengele, ufunguo wa kabati na kitambaa cha kufutia vibao, na leo mie si mfanyakazi tena wa darasa la watoto wadogo. Wenzangu wa serikalini wakistaafu hupewa saa ya ukutani. Mie nimepewa mume, na karibuni ananihamishia Wesha. Nina miaka ishirini na nne. Msicheke! Miaka sita ya kufuta makamasi ya watoto ni kazi nzima ya mtu, na mie nimeipenda mpaka jana nimelia juu ya kengele.

Nyinyi wasichana wawili mnaoingia mahali pangu, mshahara mtauona wenyewe na hautawachukua muda mrefu kuutazama, kwa hiyo huo nauruka. Nataka kukuandikieni mambo ya kazi. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la sita, na mkiona mstari umekwenda upande mjue ni mkono wangu, si akili yangu. Lakini liko jambo moja nalijua kuliko watu wengi waliosoma, na nimelijua kwa kulikosea.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na viatu vya dada yangu, vikubwa, nimevijaza vitambaa mbele. Nilikuwa na ndoto zangu: nitashika kitabu kwapani, nitafungua mwavuli, watoto watanipokea njiani. Nilichokuta ni watoto thelathini juu ya majamvi, wote wanalia kwa pamoja, kwa kuwa mmoja alianza na wengine wakaona si vizuri kumwacha peke yake. Nikajaribu kuwanyamazisha, nikashindwa, nikakaa chini nikalia nao. Bi Zuwena, mwalimu wetu mkuu, mtu wa mjini Unguja, mrefu, mkavu, akasimama mlangoni.

"Samahani," akasema, "wewe ndiye msaidizi wangu au ndiye mwanafunzi mpya?"

"Msaidizi, Bi."

"Basi lia taratibu, watoto wasikose kusikia kengele."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alinionyesha kuchonga chaki iliyokatika iandike tena, kuosha vibao kwa mchanga laini badala ya mate, na kumtambua mtoto anayeumwa kabla hajasema: mtoto mzima hukaa jamvini kama maji yaliyomwagika, anachukua nafasi yote, na mtoto mwenye jambo hujikunja awe mdogo. Hili la kujikunja alinambia siku ya kwanza kabisa. Nililiandika kwenye daftari, kisha nikalisahau kwa muda wa miaka miwili.

Mwaka ule wa kwanza ulikuwa wa neema. Nyinyi mliokulia huku upande wa Gando hamna haja ya kuelezwa, lakini nitaeleza kwa ajili ya mwengine atakayesoma: kwetu kisiwani kila kitu hupita kwenye karafuu. Nguo ya Sikukuu ni karafuu, bati la nyumba ni karafuu, harusi ni karafuu. Mwaka ule mikarafuu ilizaa hadi matawi yakainama, na watoto walikuja skuli viganja vimekuwa kahawia kwa kuchambua karafuu kutoka kwenye makonyo yake usiku kucha na mama zao. Darasa zima lilinukia kama chungu cha pilau.

Nami nikabuni kitu changu. Watoto wadogo ukiwaambia "semeni" hawasemi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya vibao, niliuliza: "Haya, nani ataniambia jana usiku kwao wamekula nini?"

Laiti mngesikia! Mikono juu, wengine miguu juu. Mmoja kala wali wa nazi na samaki changu, mwengine mkate wa mofa na pweza. Na bingwa wao alikuwa Mize, binti wa miaka sita, kibogoyo wa mbele, anayelelewa na baba yake, Kombo, mchumaji karafuu, na bibi yake, Bi Maua. Mama yake alikuwa amefariki.

"Sie tumekula wali na kuku," anasema Mize, "na bibi kala miguu, na paka kala kichwa, na baba kala kidogo kwa kuwa yuwaogopa kuwa mzito mtini, na mie nimekula sana, Mwalimu, hata sasa bado nala, nikicheua namwona kuku yule yule!"

Darasa linaanguka kwa vicheko. Bi Zuwena alipita dirishani, akasikiliza, akanambia watoto wangu wanasema sentensi ndefu kuliko za darasa la pili. Nilikwenda nyumbani siku ile naruka. Nilijiona nimevumbua dawa.

Mwaka uliofuata mikarafuu ilikataa. Mvua zilikuja vibaya, maua yakawa machache, na karafuu hizo chache zilizopatikana bei yake ilikuwa imeanguka. Wanaume wakaanza kuondoka. Kombo, baba yake Mize, alivuka kwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, akasema atarudi miti ikizaa.

Mie darasani niliona mambo, nikayaandika moja moja bila kuyaunganisha. Maumivu ya tumbo, kila asubuhi, watoto watano au sita, yanaanza kabla ya kengele na yanakwisha baada ya kusoma. Mtoto mmoja mkubwa mkubwa akaanza kujikojolea jamvini. Mwengine, mpole, akamng'ata mwenzake sikio. Na wote wakajikunja. Mtoto wa kuchukua nafasi yote jamvini hakubakia.

Basi mie nikaona dawa ni kuwachangamsha. Nikauliza swali langu kwa sauti kubwa zaidi, na tabasamu kubwa zaidi. Waliponijibu kwa uvivu, nikaenda dukani nikanunua halua kidogo, nikatangaza: "Atakayesema chakula kitamu kuliko wote, hii yake!"

Naona haya hata kuandika. Siku ile watoto wote, ila mmoja, walikula wali na kuku. Ishirini na tisa! Katika mwaka ambao kuku mwenyewe ungemwona ungempa salamu. Nami nilicheka nikampa halua mmoja wao, Tatu, na Tatu akaishika mkononi mpaka ikayeyuka, hakuila. Kabla ya hapo, zamu ya Mize ilipofika, alisimama, akafungua mdomo, akaufunga. Nikamwambia, "Haya bingwa wangu, tuambie!" Akakaa. Na tangu siku ile hakusema tena.

Nasema hakusema, msidhani natia chumvi. Hakusoma, hakuitikia jina, hakusema "hapa". Siku zikapita, wiki zikapita. Bi Maua akampeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani akaandikiwa kombe la aya, akanywa, akavishwa hirizi. Watu wakasema mtoto kapatwa na shetani wa njia ya kisimani. Mie pia nilisema, tena kwa uhakika wote, kama ninayemjua huyo shetani kwao.

Bi Zuwena akaniita ofisini, yaani nyuma ya kabati.

"Salma, una mtoto asiyesoma, na mie nina wasichana tisa nje wanaosubiri nafasi. Skuli inafungwa baada ya wiki tatu. Siku ya mwisho nitakuja kumsomesha mwenyewe. Asipofungua mdomo, nitamfuta, akatibiwe kwao."

"Bi, akifutwa hatarudi tena."

"Najua," akasema. Na hakuniangalia, kwa hiyo nikajua kuwa naye hakulipenda.

Na mie nilijua mtoto wa kike akishafutwa kinachofuata ni nini. Atabakia jikoni, atachota maji, ataozeshwa, na zile sentensi zake zote ndefu zitabakia tumboni. Mize wangu! Jioni ile ile nikaenda kwao.

Bi Maua alinipokea vizuri, akanitandikia mkeka mpya. Mize alikaa ubavuni mwake, kimya, kajikunja.

"Karibu Mwalimu, karibu sana. Utakula nini? Usiondoke mtupu."

"Ahsante Bi, nimeshakula."

"Nasi tumeshakula, alhamdulillah. Tumeshiba."

Mafiga matatu yalikuwa mbele yangu, na majivu yake yalikuwa meupe, ya zamani. Nami kwa ujinga wangu, nikitaka tu mtoto acheke kama zamani, nikamgeukia: "Ehe, Mize! Mmekula nini leo?"

Nikauona mkono wa yule bibi ukimbana mtoto bega. Ukambana hasa, vidole vikazama. Mtoto akanitazama mie, akamtazama bibi yake, akatazama chini.

Bi Maua akamtuma Mize nje akafukuze kuku ambao hawakuwapo. Kisha akasema pole pole, "Mwanangu, wee ni mtu mwema, kwa hiyo ntakwambia. Nyumba hii haina kitu, lakini ina stara. N'memkataza mtoto: ukitoka hapa, usimwambie mtu kuwa tumelala na njaa. Na chuoni kwao wamemkataza kusema uongo. Nawe, kila siku ya Mungu, wamuuliza mbele za watu. Afanyeje?"

Nikavuta viatu vyangu karibu.

"Kwani huko skuli," akaongeza, na sasa alikuwa amekasirika kidogo, "hamna jengine la kuulizana? Hata habari za mbuzi?"

Nilitoka pale nakimbia, viatu mkononi. Nilikuwa nalia, lakini, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha pia! Si shetani! Si mgonjwa! Ni mtoto mtiifu kupita kiasi, aliyeambiwa na watu watatu mambo matatu yasiyokaa pamoja, na akapata njia moja tu ya kutomvunjia yeyote heshima. Na yale matumbo yote ya asubuhi, kumbe dawa yake ilikuwa mdomoni mwangu, niache tu kuuliza!

Asubuhi nikamweleza Bi Zuwena yote, nahema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo," akasema, "jini ni wewe."

"Ndiyo, Bi."

"Basi jipunge, umtoke mtoto. Una wiki tatu kasoro siku."

Nikaliacha swali. Niliwaambia watoto wazi: "Mwalimu wenu alikosea kuuliza, na hatouliza tena." Matumbo yakapoa ndani ya siku nne, wallahi nilihesabu. Lakini Mize bado alikuwa kimya, na mwisho wa muda ulikuwa unakuja.

Nikawaza: watoto hawa, mwaka ule wa neema, walikuwa wanasema wapi hasa? Si kwangu. Kwangu walikuja kumalizia tu. Walikuwa wanasema usiku, nyumba nzima imezunguka jamvi, mikono inachambua karafuu na midomo inachambua watu. Pale hakuna anayekuuliza, hakuna anayekutazama usoni, kila mtu anatazama viganja vyake. Mwaka ule mbaya hapakuwa na karafuu za kuchambua, kwa hiyo pamoja na wali, mazungumzo nayo yaliondoka. Tuliulilia wali, na hili la pili hakuna aliyelitaja.

Nilikuwa na shangazi Kiuyu ambaye miti yake michache ilikuwa imejikakamua ikazaa. Nikamwendea.

"Uwape watoto wa skuli karafuu zangu?" akasema. "Watazivunja vichwa zote! Nitauza nini, makonyo matupu?"

"Nitazisimamia mwenyewe, shangazi."

"Wewe? Wewe ndiye n'nayekuogopa." Lakini alinipa pakacha moja la karafuu mbichi, na kesho yake tena pakacha moja. Alijua nimeshika jambo.

Nikazimwaga katikati ya jamvi. Hiyo harufu! Watoto waliivuta kama watu wanaotoka majini. Sikuwauliza kitu. Nilikaa nao, nikachukua kishada changu, nikaanza. Siku ya kwanza palikuwa kimya, vidole tu. Siku ya pili wakaanza kunong'ona, kisha wakaanza kusengenya mbuzi wa jirani, kisha wakanisengenya mie, viatu vyangu, nami nikajifanya sisikii. Mize alichambua upesi kuliko wote, viganja vinakwenda kama cherehani, mdomo umefungwa. Hivyo siku ya tatu, ya nne, ya tano. Usiku silali. Mapakacha ya shangazi yalikuwa yanakwisha.

Siku ya sita Tatu, yule wa halua, alikuwa anazikamata karafuu vibaya, anazibana juu.

"Weye!" ikatoka sauti. "Wazivunja vichwa! Shika konyo, usishike karafuu! Nani kakufunza, mbuzi?"

Vichwa vyote vikamgeukia Mize. Mie nikaingiza ncha ya buibui mdomoni nikaing'ata, macho chini, naendelea kuchambua kama hakuna kilichotokea. Hii, wenzangu, ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya katika miaka sita.

Tatu akasema, "Kumbe waweza sema!"

"Naweza siku zote," akasema Mize. "N'likuwa n'na shughuli."

"Shughuli gani?"

Mize alichambua vishada viwili vitatu kwanza. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, kuwa yeye ndiye aliyezikausha karafuu. Bibi alisema watu wamesema sana, ndiyo maana miti imetiwa jicho la husuda. Na aliyesema sana ni nani? Ni yeye. Yeye ndiye aliyewatangazia watu wote wali na kuku, na miguu ya kuku, na kichwa. Kwa hiyo miti imekauka na baba kenda Tanga. Basi akaona afunge mdomo mpaka izae tena, baba arudi.

Alisema yote haya kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza kwa nini kachelewa sokoni. Miaka saba! Kisiwa kizima alikuwa kakibeba kichwani.

Sijawahi kutaka kulia kama siku ile, na sikulia, kwa sababu kabla sijafungua mdomo, Tatu akasema, "Uongo! Ni mie! Mie mwaka jana n'lichoka kuchambua, n'kamwomba Mungu karafuu zisizae nipate kucheza!"

"Hata mie!" akasema mwengine. "N'liruka jamvi la karafuu, mama akanambia usiruke, nkaruka!"

"Mie n'lizikojolea! Kidogo!"

Wakawa wanagombania! Kila mmoja alikuwa na kosa lake, amelificha miezi, na kila mmoja alikuwa na hakika kuwa ni yeye peke yake aliyeiletea nyumba yao njaa. Huyu wa kujikojolea, yule wa kung'ata sikio, wote. Wakubwa walikuwa wanasema bei, mvua, wanunuzi. Watoto hakuna aliyewaambia kitu, kwa hiyo walitafuta sababu karibu, wakajikuta wao.

Nikaweka kishada chini. "Nisikilizeni. Mwaka huu mikarafuu haikuzaa hapa, haikuzaa Wete, haikuzaa mpaka kusini kabisa. Mize, mdomo wako ni mkubwa, nakubali, lakini haufiki huko."

Wa kwanza kucheka alikuwa Mize. Nililiona lile pengo la meno, jamani, nikaona kama nimefunguliwa dirisha.

Nikawaeleza habari za mvua na maua kama nilivyojua, na za bei kama nilivyosikia, na nisichokijua nikasema sijui. Walitulia wanasikiliza kuliko walivyowahi kusikiliza hadithi yoyote. Nakusihini: waambieni watoto wenu ukweli wa dunia kwa kiasi chao. Msipowaambia, watajitungia wenyewe, na katika wanachojitungia wakosaji ni wao.

Sikuwapa chakula. Hilo pia niliandike, msije mkanidhania makubwa. Mafiga ya Bi Maua yalibakia baridi siku nyingi, na Kombo alikuwa bado Tanga. Njaa ilikuwa ile ile. Ila sasa mtoto alibeba njaa tupu, bila ya lile kosa la kujitungia juu yake.

Siku ya mwisho Bi Zuwena akaja na kitabu chake, akavaa miwani, akaita, "Mize binti Kombo."

"Hapa!"

Akampa ukurasa. Mize akausoma. Akageuza, akausoma wa pili. Bi Zuwena akasema, "Vizuri, inatosha." Mize akasema haitoshi, Bi, kwa kuwa huyu mbuzi wa kitabuni bado hatujaambiwa ni wa nani. Bi Zuwena akasema hilo si muhimu. Mize akasema kwa mwenye mbuzi ni muhimu, na bibi yake anamjua mtu aliyepoteza mbuzi mweupe kama huyu, na masikio yake hivi, na je, Bi Mwalimu, mtu aliyemchora alimwona wapi?

"Kaa chini, mtoto."

"Nakaa, Bi. Lakini mbuzi huyu..."

"Kasimame ukutani! Kwa maneno mengi!"

Mize akenda ukutani. Nami nikatoka mbio nyuma ya darasa, nikaziba uso kwa viganja, na kabla sijajizuia kikanitoka kigelegele, kirefu, cha harusi hasa, mpaka bata wa jirani wakaruka.

Dirisha likafunguka. Bi Zuwena alinitazama juu ya miwani. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, na daftari la majina lilikuwa limekwisha fungwa bila ya jina lolote kufutwa.

"Na wewe," akasema, "ukutani."

Nikaingia nikasimama ubavuni mwa Mize, nyuso zetu zimeuelekea ukuta, darasa zima linacheka nyuma yetu, naye akanisogelea akaanza kuninong'oneza habari za yule mbuzi tangu mwanzo.